Kiti cha Mbele cha Landrova

Tangazo niliandika mimi mwenyewe, kwenye karatasi nne nilizochana daftarini, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia kazi za wanafunzi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Landrova ya dizeli, ya zamani lakini ngumu, inapanda mlima wowote, inauzwa. Anayeitaka afike Igowole, aulize kwa mzee wa landrova. Mbili nilizibandika Mafinga, moja kwenye karakana ya mbao na nyingine sokoni. Mbili nilizibandika Mbeya, nilikokuwa nafundisha, karibu na stendi ya mabasi. Baba aliposomewa alisema tangazo halina heshima. Alitaka niandike kwamba gari hilo halijawahi kumkosea. Nikamwambia, Baba, watu wananunua gari, hawaoi. Akaninunia siku nzima.

Kwa nini nauza gari la baba yangu, na yeye yu hai, ana akili zake na hataki? Kwa sababu baba yangu alikuwa haoni. Na alikuwa anaendesha.

Nianze na landrova yenyewe. Ililetwa kwa meli kutoka Uingereza, ikanunuliwa ikiwa mpya na mzungu wa shamba moja la chai, na baba akawa dereva wake. Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao, akamwachia baba gari kwa bei ya kuagana. Tangu hapo ikawa gari la kila mtu. Ilipeleka wajawazito hospitali, ikarudisha maiti, ikabeba maharusi, mbao, viazi na mzinga mmoja wa nyuki ambao sitausahau. Mwaka ule tuliohamishwa kwenda kukaa pamoja kando ya barabara, ilibeba mabati na milango ya nusu ya kijiji. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Asubuhi za baridi, na kwetu baridi si mchezo, haikuwaka mpaka mama atangulie kuamka, awashe jiko la mkaa na kulisukuma chini ya injini, akae hapo akipepea hadi oili ilainike. Halafu baba anatoka amevaa koti lake, anawasha, injini inanguruma, na watu wanasema mzee ana gari zuri. Mama anarudi jikoni ana majivu kichwani.

Katika gari hilo mama alikaa nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa cha baba na mgeni wake. Akikosekana mgeni, alikaa katekista. Akikosekana katekista, alikaa binamu yangu wa darasa la tatu, mradi alikuwa mwanamume. Na wakitembea kwa miguu baba alitangulia na fimbo yake, mama akafuata nyuma na mzigo kichwani, hatua nne au tano, nafasi ambayo hakuna aliyeipima lakini haikubadilika. Ndivyo ilivyokuwa kwetu na sikumbuki mtu aliyeuliza.

Sasa basi. Likizo ya Desemba, sijafika nyumbani miaka mitatu, nashuka kwenye basi Mafinga, nawaona wazazi wangu wamekuja kunipokea, na mama amekaa mbele. Amekaa wima, kitambaa kipya kichwani, mikono mapajani. Kondakta aliyekuwa ananishushia begi, mtu wa huko kwetu, akacheka akaniambia wazee wako siku hizi wanapendana, hawaachani hata kidogo. Nilifurahi. Nakiri nilifurahi kama mjinga, nikapanda nyuma kwenye magunia bila kinyongo.

Tukaondoka. Baba aliendesha polepole kuliko zamani, nikadhani ni uzee. Mama alikuwa anaongea. Mama yangu si mtu wa kuongea, lakini siku hiyo kila baada ya muda kidogo ananong'ona neno moja, kavu, kama mtu anayehesabu vifaranga.

"Shimo," anasema mama. Gari linahama.

"Ng'ombe." Gari linapunguza mwendo.

"Lori." Baba anapeleka gari pembeni kabisa, anasimama, lori la magogo linapita linatutimulia vumbi, na mama anasema, "Limekwisha. Nenda."

Nikajiambia mama amekuwa na kisirani, anamfundisha dereva kazi. Nilikuwa karibu kumwambia amwache mzee wa watu. Mbele kidogo kulikuwa na kisiki kirefu kando ya njia, mtu kakitundikia koti lake akaingia shambani kulima. Baba akapunguza mwendo, akatoa mkono dirishani, akasema kwa adabu zote, "Kamwene, mzee." Akangoja aitikiwe. Mama akasema taratibu, "Ni koti." Baba akarudisha mkono ndani na kuendelea na safari.

Tulikuwa bado na nusu ya safari, yenye kona, mteremko na daraja la magogo, na mimi nimeshika kamba ya mlango wa nyuma kwa mikono miwili nikiomba Mungu.

Tulipofika niliwakalisha chini. "Baba, huoni."

"Naona."

"Unaona nini?"

"Naona mwanga," akasema, "na ninajua barabara. Barabara hii nimeipita kabla hujazaliwa."

"Na ng'ombe umewajua kabla sijazaliwa? Na mtoto anayevuka?"

"Mama yako yupo."

Nikamgeukia mama. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba daktari wa misheni alitaka kumpasua lakini baba alimwambia jicho halichongwi kama mbao. Akayasema hayo huku anachambua mchele, kana kwamba ananieleza habari za mbuzi aliyepotea na kupatikana. Mwaka wa tatu huo. Miaka mitatu watu wawili wamegawana udereva, mmoja ana miguu na mikono, mwingine ana macho, na wajawazito wa watu wako nyuma wanalia. Nilipiga kelele siku hiyo. Niliwaambia wataua mtu. Niliwaambia wakiua mtoto wa mwenzao hawatakaa tena katika kijiji hicho, na mimi sitakuwa na uso wa kuja kuwazika. Baba akainuka akaenda kulifuta gari vumbi, kwa kupapasa.

Siku chache baadaye akanijia mwenyewe. "Haya, uza," akasema, "lakini kwa mtu anayefaa." Nikaona nimeshinda. Sikujua kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mnunuzi wa kwanza alitoka Mafinga, mfanyabiashara wa mbao. Alilipenda gari. Aliliendesha mwenyewe hadi shuleni na kurudi, akashuka anatabasamu, akanywa chai aliyoletewa na mama, akasema anakwenda kujipanga na atarudi. Hakurudi. Wa pili alikuja nikiwa nimesharudi Mbeya. Dada yangu mdogo aliniandikia barua kwamba alikuja mwalimu mmoja kutoka upande wa Iringa, akaridhika, akanywa chai, akasema atarudi. Naye kimya. Nikajua ni baba. Nani mwingine? Nikaona kabisa anavyowachukua pembeni na kuwaambia gari hili haliuziki. Nilimwandikia barua ambayo mtoto hapaswi kumwandikia baba yake, halafu nikakumbuka kwamba itasomwa na mama, nikaandika nyingine ya adabu zaidi. Miezi yote hiyo pale Mbeya, kila gari la kutoka upande wa Iringa likiingia stendi, nilikuwa nasogea kusikiliza abiria wanasema nini, kama kuna ajali huko njiani. Nilikonda. Mwalimu mkuu aliniuliza kama naumwa.

Juni nikapanda basi kwenda nyumbani, na safari hii mnunuzi alinitangulia. Nilimkuta uani. Alikuwa mfugaji, mtu mrefu mwenye koti la mvua na mabuti, aliyehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini akatua bonde la Usangu. Huko masika gari dogo halipiti, na yeye alikuwa na mpunga wa kutoa mashambani. Alikuwa ameuza ng'ombe Mbeya, akasomewa tangazo langu pale stendi. Alinisalimia, "Mwangaluka," nikamwitikia kama nilivyojua.

Sijapata kuona mtu anakagua gari namna ile. Alilizunguka mara mbili bila kusema. Alifungua boneti akachungulia kama anaangalia meno. Alilipiga ubavuni kwa kiganja akasikiliza. Alichuchumaa, akainama, akatazama chini kwa muda mrefu, akainuka akasema, "Limezaa sana hili, lakini bado lina nguvu." Baba akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka tangu nilipoandika lile tangazo.

Hapo mama akaleta chai. Akamwekea mgeni kikombe mkononi na, kwa sauti ya chini ya mtu anayekutakia mema, akamwambia, "Baba, mimi sifichi kitu. Gari hili limebeba maiti. Wengi mno. Wengine huwa wanasikika usiku."

Nilisimama pale nimeshika sahani ya viazi vya kuchemsha. Mama yangu, mwimbaji wa kwaya. Mfanyabiashara wa mbao, chai. Mwalimu wa Iringa, chai. Na mimi nimemwandikia baba barua mbili.

Mfugaji akapuliza chai yake, akanywa, akasema, "Vizuri, Mama. Siku nikifa mimi halitashtuka." Akamgeukia baba wakapatana.

Mama akachukua sinia lake akaingia jikoni. Nami nikamfuata, lakini kabla sijafungua mdomo nikamsikia mfugaji uani anasema, "Bado jambo moja, mzee. Kwetu, nyumbani kwa baba yangu, mnyama wa kununua hatolewi zizini na mgeni. Mwenyewe ndiye anayemtoa, kwa mkono wake, anamvusha maji ya kwanza. Asipovushwa na mwenyewe atarudi, au atakufa."

"Ni haki," akasema baba.

Nikatoka mbio. Nikamwambia mgeni kwamba hili ni gari, halirudi lenyewe. Akanitazama kwa huruma. Nikamwambia baba amechoka, goti linamsumbua, dereva yupo kijijini. Baba akauliza, "Nani amechoka?" Na maji ya kwanza kutoka kwetu, kwa bahati yetu nzuri, ni mto wenye daraja la magogo manne, mawili kwa magurudumu ya kila upande, na katikati hakuna kitu ila maji. Kwa miezi sita nimelipigania gari hili litoke mikononi mwa baba kabla hajaua mtu, na njia pekee ya kulitoa ikawa baba aliendeshe juu ya daraja lile.

"Basi mama akae mbele," nikasema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Aliyeuza ndiye akae," akasema, akarudi ndani.

Nikapanda mimi. Mfugaji akakaa nyuma, mahali pangu pa siku zote. Baba akawasha, tukatoka.

Sikiliza, mimi nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimezoea kusema na watoto arobaini na watano kwa pamoja wakanielewa. Lakini kumwambia mtu mmoja njia ilipo, nilishindwa. "Baba, mbele kuna kona, siyo kubwa sana, inakwenda kushoto, lakini kabla ya kona kuna kuku, sasa ukiweza kupunguza, hapana siyo hivyo, subiri." Tukaingia kwenye nyasi. "Baba rudi, rudi kulia, kulia yangu." Tukakwangua uzio wa mtu. Nyuma mfugaji alikuwa ameshika kamba ya mlango kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye mteremko wa mtoni baba akakanyaga breki, akazima injini, akaweka mikono magotini.

"Unasema sana," akasema. "Kamwite mama yako."

Nikamwambia tumalize tu, ni hapa hapa. Akasema, hasira hana, "Mwanangu, hapa nitawaua. Kamwite mama yako."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia anakubali. Nilishuka nikakimbia ule mlima na viatu vya mjini, nikavivua, nikaendelea peku. Mama nilimkuta ameketi jikoni mbele ya lile jiko la kuamshia injini, limezimika, analitazama.

"Mama, anakuita."

"Wewe si una macho."

"Mama, nimechoka nanyi. Nimechoka kabisa. Mnataka nini? Unataka afe? Unataka aue mtoto wa mtu, ndiyo maana unafukuza wanunuzi kwa mizimu?"

Nilimfokea mama yangu, nisamehewe. Hakukasirika. Alichukua kijiti akachokoa majivu.

"Nimeolewa na baba yako nikiwa mdogo kuliko wewe," akasema. "Nimezaa watoto saba. Kuna siku umemsikia ananiuliza kitu? Tupande nini, tukae wapi, nani asome. Alisema, tukafanya. Na siyo mtu mbaya. Miaka mitatu hii nikisema kulia, anakwenda kulia. Nikisema simama, anasimama. Sina haja ya kusema mara mbili." Akakitupa kile kijiti. "Sasa nyinyi mnauza."

Nilikaa chini kwenye gogo la kuni. Mimi mwenyewe nilishuka Mafinga nikamwona amekaa wima na kitambaa kipya, na nikaona mapenzi, nikaona wazimu, nikaona hatari. Sikuona kwamba ndiyo mara ya kwanza nimemwona mama yangu amekaa mbele.

Nikamwambia, "Mama, hawezi kuvuka bila wewe. Amesema atatuua."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Akainuka. Akanawa uso. Nikimwambia twende, mgeni anangoja, anakunja kanga. Akatafuta kile kitambaa, akakifunga, akakifungua, akakifunga upya. Nilitaka kulia. Halafu akateremka mlima mzima ule kwa mwendo wake, wala hakuharakisha hata hatua moja.

Mtoni mfugaji alikuwa ameshuka, anakata nyasi kwa fimbo. Baba alikuwa bado kwenye usukani vile vile. Mama alizunguka mbele ya gari, akalitazama daraja, akaja akapanda, akafunga mlango. Mimi na mgeni tukabaki ukingoni, maana mama alisema uzito ni wa watu wawili tu. Injini ikawaka. Nikamsikia.

"Nenda."

Magurudumu yakapanda magogo.

"Kulia."

Kidogo tu, upana wa vidole.

"Basi. Nenda. Nenda."

Gogo moja likalia, gari likainama upande wa mama. Nilifumba macho, kwa hiyo kilichofuata sikukiona. Nilisikia tu sauti yake ile ile kavu, "Nenda, bado, nenda," halafu injini ikapanda ng'ambo ya pili na kuzimika. Mfugaji akavuka kwa miguu, nami nyuma yake. Alimpa mama mkono kwanza, kwa mikono yake miwili, akainama. Baba akafuata. Kisha mfugaji akakaa kwenye usukani akaondoka kuelekea Mafinga na Usangu, na tukamsikia muda mrefu, mlima huu, mlima ule, mpaka ikawa haijulikani kama bado tunamsikia.

Tukabaki watu watatu na mto. Baba akavuka daraja ameshika bega langu, lakini alipokanyaga ardhi akauondoa mkono. Njia ya mkato ya kurudi nyumbani inapita katikati ya shamba la njegere la jirani, ni kijinjia cha mtu mmoja. Baba akatangulia, kama kawaida. Mama akashika nafasi yake nyuma, hatua zile zile nne. Nikawa namtazama baba anavyotafuta ardhi kwa ncha ya fimbo, anajikwaa, anajifanya hajajikwaa. Na mama kimya. Hakusema hata "jiwe." Nilitaka kuwapigia kelele wote wawili.

Baba akasimama. Akasema bila kugeuka, "Mbona husemi?"

"Huko nyuma nitaona nini?" mama akajibu. "Naona mgongo wako."

"Basi pita mbele."

"Mbele sijazoea."

Wakasimama hapo. Nakuapia walisimama mpaka baridi ikaanza kuniuma, baba hataki kufuata, mama hataki kutangulia, na mimi nyuma yao viatu mkononi. Mwisho baba akasogea pembeni, akaingia kwenye njegere, akanyoosha kiwiko. Mama akaja akasimama kushoto kwake, kule alikokuwa anakaa kwenye gari. Wakaondoka hivyo, wawili sambamba kwenye njia ya mtu mmoja, kila mmoja mguu mmoja njiani na mwingine shambani. "Shimo," nikasikia. "Kulia. Nenda."

Kesho yake asubuhi jirani alikuja na hasira zake, njegere zake zimekanyagwa pande zote mbili kuanzia mtoni hadi kwetu, tena zilikuwa na maua. Aliniuliza ni ng'ombe wa nani. Nikamwambia si ng'ombe, ni baba na mama, na kwamba watapita tena Jumapili wakienda kanisani, afadhali aipanue njia.